Sifa za Bomba Linalomwaga

Tangi husifiwa kwa ukubwa wake, pampu kwa nguvu zake, na mwenye nyumba kwa kumudu kuvinunua vyote viwili. Sijawahi kumsikia mtu akilisifu bomba la ovaflo, kile kipande cha plastiki kinachochungulia ubavuni mwa simtanki, chini kidogo ya mfuniko, kikidondosha maji usiku kucha. Leo nalisifu mimi, na wala silivishi kilemba cha ukoka.

Hapa Dar es Salaam maji ya mgao yana mazoea ya kutoka wakati watu wazima wamelala. Ratiba inasema Jumanne asubuhi. Maji yenyewe huja Alhamisi saa nane usiku. Nani anajua? Bomba langu. Likianza tu kumwaga juu ya bati la banda la kuku, mtaa mzima unaamka, mpangaji wa uani anatoa madumu yake, na sauti inapanda juu ya ukuta: "Jirani eeh, tangi linamwaga huko!" Jirani huyo na mimi tulikuwa tumebakiza salamu za kuinuliana mkono tu. Siku hizi tunazungumza karibu kila mgao, ingawa mazungumzo yenyewe ni ya upande mmoja na heshima ndani yake ni haba.

Wanaolilaumu hawalijui. Ndani ya tangi kuna boya, lile puto lililofungwa kwenye mkono wa koki. Maji yakipanda, nalo hupanda, hata koki ikajifunga. Lakini raba ya koki ikilika, au mchanga ukikwama pale inapokalia, au boya likipata ufa likanywa maji na kuzama, koki haifungi tena. Mkosaji amejificha gizani chini ya mfuniko. Ovaflo limesimama hadharani likitukanwa kwa niaba yake. Watumishi wa namna hiyo tunao wangapi? Maofisini, mambo yakiharibika, anayejua ndiye wa kwanza kunyamaza.

Ukarimu wake nao hauna mfano. Mpapai ulio chini yake umestawi bila mtu kuumwagilia, ukuta umepata mchirizi wa kijani ambao hakuna fundi rangi angeweza kuuchanganya, na mabata wa watu wamehamia rasmi uani kwangu. Gharama? Tone moja nene kwa kila sekunde hukusanyika hadi kufikia karibu ndoo ya lita 20 kwa siku. Uniti ni lita 1,000, kwa hiyo bomba la kudondosha huchukua kama siku 50 kumaliza uniti moja. Likiacha kudondosha likaanza kutiririka, hesabu hiyo namwachia anayelipa bili. Hapo sifa zangu huishiwa nguvu kidogo.

Hata mbu halijawasahau. Aedes, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, hupenda kutaga katika vyombo vya maji yaliyotulia karibu na watu. Jiji lililougua dengi mwaka 2014, na tena 2019, linamfahamu vizuri. Bomba langu limempa kopo kuukuu lililojaa huku chini, na mlango usio na wavu wa kuingilia tangini kule juu. Makazi mawili, kodi hakuna.

Kisha kuna suala la mnara. Lita 2,000 za maji ni tani 2, na zimekaa juu ya miguu minne. Bomba halina tamaa ya kuisumbua yote: huuchagua mguu mmoja na kuulainishia udongo, mgao hadi mgao. Mnara wangu umeshaanza kuliinamia.

Alikuja fundi, akapanda, akakuna kichwa, akashuka na dawa: tulizibe kwa gunzi. Nyumba nyingi zimeifuata dawa hiyo, na bomba kweli hunyamaza. Maji ndiyo hayanyamazi. Hupanda hadi kwenye mfuniko na kuteremka pande zote, miguu yote minne ikapata haki sawa, na hakuna tena wa kukuamsha.

Basi, msomaji, kama la kwako linadondosha, panda mchana maji yakiwa yanaingia, ulinyanyue boya kwa mkono. Maji yakikata, koki ni nzima na boya ndilo lililoshindwa au mkono wake umepinda. Yasipokata, itoe koki mchanga, na ubadilishe raba. Ovaflo lenyewe liache wazi. Lifunge wavu mdomoni, uliunganishie bomba refu limwage mbali na mnara. Na fundi wa gunzi akipiga hodi, mkaribishe, mpe kiti na maji ya kunywa, ila ngazi ifiche.