Namna ya Kufuga Mbwa Mkubwa Usisumbuliwe na Sheria

Nunua kwanza, mengine yatajulikana mbele ya safari. Chukua rotwaila au, ukiwa na uwezo, boerboel wa Afrika Kusini, ambaye dume lake huweza kuvuka kilo 70. Ataletwa kwenye boksi, mdogo, ananyonya kidole. Wakati huo hakuna sheria inayoonekana, basi usiitafute.

Kisha agiza kibao. Fundi wa maandishi atakuandikia MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, na chini yake atachora mnyama anayekaribia kufanana na simba. Kitundike getini, ulale: umejikinga. Tatizo ni mawakili. Kanuni za mahakama za Uingereza, ambazo Tanzania ilizirithi kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, humuuliza mwenye mbwa swali moja kubwa: ulijua kwamba ni mkali? Aliyejua hulipa, hata kama mnyororo ulikatika bila uzembe wake. Waingereza wenyewe waliibadilisha kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1971, sisi tumewatunzia. Sasa wakili wa aliyeng'atwa anahitaji ushahidi kwamba ulijua. Atafika getini kwako, atapiga picha moja, ataondoka zake. (Usikingʼoe, lakini. Ukikingʼoa, utaulizwa kwa nini hukumwonya mgeni.)

Jioni mfungulie, geti ukiliacha wazi kidogo ili mlinzi apate upepo. Kijana wa bodaboda aliyeleta mtungi wa gesi akitimua mbio, cheka, umwambie, "Haumi huyo!" Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu hakina utani huo: kwacho ni jinai kuhatarisha watu kwa kutochukua tahadhari juu ya mnyama uliye naye. Tahadhari yenyewe ni komeo, mnyororo na ukuta usio na tundu. Komeo ni bei rahisi mno kuliko rotwaila, ndiyo maana halimpi mtu hadhi mtaani.

Chanjo ya kichaa cha mbwa waachie wenye mbwa koko. Wako ni wa mbegu. Akimngʼata mtoto wa jirani, wazazi watalisafisha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, watakimbilia hospitali kwa sindano, kisha watarudi kuulizia kadi ya chanjo. Waonyeshe cheti cha ukoo: babu yake alishinda mashindano.

Ukiitwa ofisi ya serikali ya mtaa, nenda umevaa vizuri, na hoja iwe moja tu. "Mwenyekiti, mbwa yule kwa kweli si wangu. Ni wa mlinzi."

Mlinzi ataitwa. Atavua kofia.

"Shikamoo Mwenyekiti. Mimi hata dagaa wa mbwa bosi ananipimia kwa kikombe."