Keshia Asiyesalimia

Kaunta ya kujihudumia ni sehemu ya duka ambapo mnunuzi hufanya kazi ya keshia bila mshahara na bila kufundishwa. Huchukua bidhaa moja moja, huipitisha juu ya kioo chenye mwanga mwekundu, husubiri mlio, huiweka kwenye mfuko, hulipa kwa kadi au simu, kisha huenda zake. Maelezo ya watengenezaji huishia hapo. Hayasemi lolote kuhusu muda ambao mlio haulii.

Tabia ya kumtwisha mnunuzi kazi ya muuzaji ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1916, mjini Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly na kuwaruhusu wateja wapite kati ya rafu na kujichukulia wenyewe. Kabla yake mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja mahitaji yake, akaletewa, utaratibu ambao duka la Mangi la mtaani Tanzania halijauacha hadi leo: mteja hubaki nje ya nondo, na sabuni humfikia kupitia dirishani. Saunders hakutosheka na ushindi huo. Mwaka 1937 alikuja na Keedoozle, duka ambalo mteja alichomeka ufunguo kando ya bidhaa iliyowekwa nyuma ya kioo, na mkanda wa mashine ukamletea mzigo wake mbele. Mitambo ilizidiwa na wateja, ikawa inaharibika, na duka likafa. Yaliyofuata yalihitaji subira. Tarehe 26 Juni 1974, huko Troy, Ohio, pakiti ya chingamu za Wrigley ikawa bidhaa ya kwanza kusomwa kwa msimbopau kwenye kaunta ya supamaketi. Katika miaka ya 1980 Mmarekani David Humble akageuza kaunta upande wa pili, na mteja akajikuta ameajiriwa.

Jambo la kwanza analoligundua msemaji wa Kiswahili aliyehamia Leicester au Houston ni kwamba mashine haisalimii. Inaanza na amri. Hakuna za asubuhi, hakuna habari za nyumbani. Inamtaka apitishe bidhaa ya kwanza, na asipoharakisha inarudia amri hiyohiyo kwa sauti ileile, bila kukasirika na bila kuchoka. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba hata mdai wako unamwamkia kwanza huhitaji wiki kadhaa kulizoea jambo hili. Wengine hawalizoei, nao huonekana wakitikisa kichwa taratibu mbele ya skrini.

Ugomvi wenyewe huanzia kwenye mizani. Chini ya sehemu ya kuwekea mfuko kuna mizani iliyofichwa, na ndani ya kompyuta kuna orodha ya uzito wa bidhaa za dukani. Bidhaa ikishasomwa, mashine husubiri uzito wake uonekane kwenye mizani. Ukionekana, kazi inaendelea. Ukizidi, ukipungua au usipoonekana kabisa, mashine hudhani kuna mtu anataka kuiba, na hulitamka hilo kwa adabu inayosikika hadi kwenye friji za maziwa. Nchini Uingereza tangazo la kwamba kuna kitu kisichotarajiwa kwenye sehemu ya mifuko lilisikika hadi likawa mzaha wa taifa. Mwaka 2015 kampuni ya Tesco ilitangaza kubadilisha sauti na maneno ya mashine zake, kwa kuwa wateja walilalamika kwamba inawagombeza.

Kitu kisichotarajiwa, katika hali nyingi, ni mkoba wa mteja mwenyewe. Mara nyingine ni kiwiko. Mara nyingine ni mtoto wa miaka minne aliyechoka kusimama, akaona pale panakalika. Kwa upande mwingine, kadi ya kumpongeza bibi harusi ni nyepesi mno kwa mizani kuihisi, kwa hiyo mteja aliyeinunua kihalali na kuiweka mahali pake huambiwa aiweke mahali pake. Huinyanyua, akaiweka tena. Huambiwa airudishe. Huigandamiza kwa kidole ili iwe na uzito zaidi, na hapo ndipo huwa amejaribu kweli kuidanganya mashine.

Mwitikio wa wateja unatofautiana. Wapo wanaoiomba mashine radhi. Wapo wanaobishana nayo: "Si nimeweka hapo? Ulikuwa unaangalia wapi?" Wapo wanaotoa kila kitu mfukoni na kuanza upya, na kwa mashine kila kinachotoka ni kosa jipya. Walio wengi, hata hivyo, hugeuka nyuma kwanza na kuitazama foleni, kwa uso wa mtu anayetaka ijulikane mapema kwamba tatizo si lake. Juu ya nguzo taa nyekundu imekwisha kuwaka. Mhudumu mmoja, aliyepewa mashine sita au nane za kuziangalia, hufika akiwa na kadi shingoni, huigusisha kwenye skrini bila kutazama ndani ya mfuko, na tuhuma yote ya wizi hufutika. Mteja aliyekuwa amejiandaa kujitetea hubaki na utetezi wake.

Matunda na mboga ni mtihani wa pili, kwa sababu nyanya haina msimbopau. Mnunuzi hutakiwa kutafuta picha yake kwenye skrini na kusema mwenyewe anachonunua. Mtu aliyekulia Bukoba, anayejua kwamba ndizi ya kupika, ya kuchoma, ya kuivisha na ya pombe ni vitu vinne tofauti, hukuta picha moja ya ndizi ya njano na hubonyeza huku moyo ukimsuta. Wengine hawasutwi hata kidogo: hupima parachichi na kubonyeza karoti, ambayo ni ya bei nafuu zaidi. Adrian Beck wa Chuo Kikuu cha Leicester, aliyechunguza upotevu wa mali madukani kwa miaka mingi, ni miongoni mwa walioonyesha kwamba mashine hizi humpa mteja visingizio vilivyo tayari: skrini ilinichanganya, nilidhani imelia, sikuona. Watu ambao wasingethubutu kumdanganya keshia usoni huona si dhambi kuidanganya skrini. Swali kuhusu mifuko ya kubebea, ambayo huko Uingereza hulipiwa, hujibiwa kwa imani hiyohiyo. Mashine huuliza mteja ametumia mingapi, naye, akiwa na mitatu mkononi, hubonyeza sifuri.

Pombe huurudisha mfumo mzima nyuma, maana mashine ya kawaida haiwezi kukisia umri. Babu mwenye mvi hadi kwenye nyusi hupitisha chupa ya bia na kuambiwa asubiri mtu mzima wa kumthibitisha. Anayekuja kumthibitisha ni kijana ambaye kwa desturi za kwetu angetakiwa kuanza na shikamoo.

Maduka yenyewe yamekwisha kuanza kusita. Mwezi Novemba 2023 Booths, kampuni ya supamaketi ya kaskazini mwa Uingereza, ilitangaza kuondoa mashine hizo katika maduka yake karibu yote na kuziacha katika mawili tu. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni hizohizo za matunda yasiyo na msimbo na pombe inayohitaji jicho la mtu. Nchini Uholanzi, kampuni ya supamaketi ya Jumbo ilikuwa imefika mbali zaidi: mwaka 2019 ilifungua kaunta ya maongezi, ambako mteja asiye na haraka hulipa taratibu huku akizungumza na keshia. Mwenye duka la kona mjini Tanga angeshangaa kusikia kwamba hilo linahitaji kutangazwa kama huduma mpya.

Kulipa bila noti ni habari nyingine, ingawa huenda pamoja na mashine hizo. Mwaka 2007 ulileta njia mbili. Uingereza ilianza kadi za kugusisha, kwa kikomo cha pauni 10, ambacho kilipanda hatua kwa hatua hadi kufika pauni 100 mwezi Oktoba 2021. Nchini Kenya, mwezi Machi 2007, kampuni ya simu ya Safaricom ilizindua M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Kadi iliwanyamazisha watu: mteja hugusisha, mashine hulia, basi. Simu imefanya kinyume chake. Hakuna noti wala sarafu iliyowahi kuzungumziwa dukani kama yanavyozungumziwa malipo ya simu.

Mazungumzo huanza na namba. Ukutani, karibu na picha ya Rais na kalenda ya mwaka juzi, zimebandikwa lipa namba, yaani namba za kulipia kwa simu, za mitandao mitatu au minne, na mteja huwa na laini ya ule ambao karatasi yake imelowa. "Hiyo ni sita au nane?" Akishaipata, menyu humpeleka hatua kwa hatua, nayo haina subira: akikawia kutafuta miwani, inajifunga na kumrudisha mwanzo. Kisha jina hutokea. Bango la duka limeandikwa jina la duka, lakini simu inasema fedha zinakwenda kwa mtu binafsi ambaye mteja hajawahi kumsikia. Hapo vidole husimama. "Ndiyo huyohuyo," muuzaji humtuliza, "shemeji yake bosi." Maelezo hayo hukubaliwa karibu kila mara, jambo ambalo mabenki hayajaweza kulifikia kwa fomu za kurasa nane.

Hatua ya namba ya siri ina desturi zake. Mama aliyeishiwa nguvu na maandishi madogo humpa muuzaji simu yake na kumtajia tarakimu nne kwa sauti ya kutosha watu wote walioko dukani, ambao kwa heshima hugeukia upande wa maharage. Wengine hugeuka wao na kuipa foleni mgongo, hukunja bega, hufunika skrini kwa kiganja, kisha hukosea na kumuuliza mwenzao kwa sauti kubwa: "Hivi ile namba yetu inaanza na ngapi?"

Baada ya hapo hufuata kipindi kisichotajwa kwenye tangazo lolote. Fedha zimetoka kwa mteja, hazijafika kwa muuzaji.

"Imeingia?"

"Bado."

"Mimi imekata, ona meseji."

"Nimeona dada yangu, ila huku haijaingia."

Muuzaji ana sababu ya kutoiamini meseji ya mteja, kwa kuwa matapeli wamejifunza kuziandika, makato na salio vikiwemo. Anayoiamini ni ya simu ya duka. Simu ya duka, hata hivyo, mara nyingi anayo mwenye duka, na mwenye duka yuko Kariakoo akifuata mzigo. Hupigiwa. Hapokei. Hupigiwa tena. "Bosi, imeingia elfu saba na mia tano?" Bosi huuliza ni ya nani, ya nini, na kwa nini mchele wa jana haujaandikwa. Nyuma ya mteja, mwanamume aliyefika na noti ya elfu kumi amekwisha kuhudumiwa na kuondoka, na aliyemfuata naye pia.

Suala la makato nalo lina lugha yake. Duka lisilo na lipa namba hupokea kwenye simu ya kawaida ya muuzaji, na hapo bei ya sukari hupata mkia: "Weka na ya kutolea." Serikali ya Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala mwezi Julai 2021, wateja wengi walirudi kwenye noti, na mwezi Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kenya, kwa upande wake, tangu Januari 2019 ina Fuliza, inayomkopesha mteja papo hapo pale salio linapopungua. Mteja hufuliza unga asubuhi kwa furaha. Jioni mjomba humtumia mia tano, nayo hupita kwenye simu yake bila kutua.

Haki ni haki: njia hii ya simu imeumaliza ugomvi mmoja wa zamani. Mwenye duka asiye na chenji alizoea kumrudishia mteja pipi mbili au kiberiti, na hakuna mteja aliyewahi kufanikiwa kumlipa kwa pipi hizohizo siku iliyofuata. Simu hulipa bei kamili, na waliopata hasara ni watoto wanaotumwa dukani. Marekani wamejaribu kuzuia mambo yasifike mbali sana: Philadelphia mwaka 2019 ilikataza maduka kukataa noti, na baraza la jiji la New York likapitisha sheria kama hiyo Januari 2020, kwa kuwa wako watu wasio na akaunti ya benki. Katika miji ya Afrika Mashariki sheria ya namna hiyo ingekosa kazi. Muuzaji anayekataa noti hajazaliwa, isipokuwa iwe kubwa na asubuhi bado mbichi.

Hatua ya mwisho ni mlangoni. Katika baadhi ya supamaketi za Uingereza geti dogo hufunguka baada ya kusoma risiti, na mteja aliyeitupa risiti yake kwenye pipa dakika moja kabla huonekana ameinama akipekua. Mlangoni mwa supamaketi za Nairobi na Dar es Salaam kazi hiyo hufanywa na mlinzi mwenye kalamu. Huichukua risiti, huitazama, huutazama mfuko, huhesabu vitu vya juu, kisha hupiga alama. Mteja aliyelipa kwa simu na kuondoka kabla risiti haijatoka huomba aonyeshe meseji. Mlinzi hukubali. Simu, iliyotumia chaji yake ya mwisho kulipia, imezima, na mlinzi humwelekeza kwa upole arudi kaunta.