Sifa za Korongo Lisilo na Jina

Mito mikubwa haikosi wa kuisifu. Sibiti ya huku kwetu ina jina kwenye ramani, tena ina daraja la mita 82 linalounganisha Mkalama na Meatu. Waliozoea kuivuka kwa mitumbwi ndio wanaojua utamu wa daraja hilo. Mimi leo nalisifu lisilo na msemaji. Ni korongo la mchanga unalolikuta ukishuka kutoka Kiomboi kwenda Ziwa Kitangiri. Halina daraja, halina kibao, na hata waliozaliwa kando yake wanasema tu "kule korongoni".

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Singida tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Miezi mingine yote korongo ni mtumishi wa watu. Kinamama wanafukua mchanga hadi kiwikoni, wanasubiri, kisha wanateka kwa kata maji yaliyochujwa bila dawa wala ankara. Vijana wanapakia mchanga kwenye fuso, na nyumba za watu zinapanda mjini. Jioni watoto wanacheza mpira humo humo, magoli ni mawe. Nitajie mtumishi mwingine wa kazi tatu asiyedai posho.

Kazi yake ya nne niliiona Jumamosi moja ya Februari. Tulikuwa watu tisa ndani ya Noah ya kukodi, ajenda ni moja: perege wa Kitangiri, wabichi, wachomwe pale pale ufukweni. Shemeji alibeba ndimu kilo nzima. Tuliondoka Singida mjini alfajiri, tukakata kona Misigiri, tukanywa chai Kiomboi, tukaanza kushuka. Jua kali, mbingu nyeupe. Mara tukakuta foleni. Foleni, porini!

Korongo lilikuwa limeamka. Maji rangi ya chai ya maziwa yamejaa kingo hadi kingo, yamebeba mgunga mzima na mizizi yake, dumu la njano na ndala moja ya kushoto. Pale tuliposimama halikuwa limedondoka hata tone. Mvua ilinyesha usiku juu uwandani, kwenye ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu, nayo ikakataa kuinywa. Korongo likawa limetuletea taarifa tu, tena mapema kuliko redio.

Na haki yake! Halitazami namba za gari. Mbele yetu kulikuwa na V8 nyeusi, bodaboda sita, na mkokoteni wa punda wenye magunia ya alizeti. Bwana wa V8 alishuka, akapiga simu mbili, akatazama maji kama anayesubiri yampishe. Hayakumpisha. Punda ndiye aliyeelewa mapema kuliko sisi sote: alijilalia.

Ukingoni alikaa mzee mmoja, fimbo yake ameichomeka pale maji yanapoishia.

"Shikamoo mzee. Maji haya yatapungua saa ngapi?"

"Marahaba. Yakipungua, utaona."

Wataalamu wote wa hali ya hewa wasingejibu kwa uaminifu kuliko huyo.

Ajira nayo isisahaulike. Asubuhi, kabla hatujafika, vijana walikuwa wakivusha watu mgongoni kwa elfu moja, na pikipiki kwa elfu tano, ikiwa imebebwa juu ya miti kama jeneza. Maji yalipowafika kiunoni waligoma wenyewe. Hapo utani niuweke pembeni kidogo: maji ya namna hiyo yanabeba gari, tena hayachagui dereva mzoefu. Dereva wa fuso aliyetaka kujaribu alinyang'anywa ufunguo na utingo wake, na sote tuliokuwepo tulimshangilia utingo.

Tukakaa basi. Mama mmoja wa kijijini alikuja na ugali wa uwele na mlenda kwenye hotipoti, akabadilishana na soda zetu ambazo barafu yake ilishayeyuka. Kuku aliyebebwa kama akiba, endapo samaki wangekosekana, akachomwa. Ndimu za perege zikamhusu yeye. Hadi saa nane bwana wa V8 alikuwa amevua koti, amekaa kwenye gunia la alizeti la mtu asiyemjua, anafundishwa kumega ugali wa uwele bila kujichoma. Mikutano ya hadhara inayoitishwa kwa vipaza sauti wiki nzima haipati mahudhurio ya aina hiyo, na wala hakuna aliyesainishwa.

Jambo moja tu ndilo lililonichoma. Maji yale yalikuwa yanashuka Kitangiri, na kutoka huko Sibiti huyapeleka Ziwa Eyasi, ambalo halina mlango wa kutokea, bahari hayaijui. Yaani tulikuwa na safari moja, sisi na korongo, ila lenyewe lilifika.

Saa kumi na moja fimbo ya mzee ilikuwa imesimama pakavu, hatua kumi kutoka majini, lakini katikati bado yalikuwa ya kifuani na giza lilikuwa linakuja. Tukageuza gari. Kitangiri sijaiona mpaka leo.