Ngeli za Hasara

Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya utafiti pale Amani mwaka 1902, walipanga kila kilichoota na kutambaa Usambara: miti, magugu, nondo, mende. Kila kimoja kikapewa jina, familia na droo yake. Kilichosahaulika ni hasara, ambayo kati ya bonde la Korogwe na nyika ya Handeni huota bila mbolea. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo. Wanazuoni watuwie radhi: vielelezo vimeokotwa sokoni, stendi na ghalani, na vingi vilikuwa bado vinapumua.

Kanuni ya kwanza ya elimu hii ni kwamba hasara hutambulika kwa kitenzi, na kitenzi chenyewe hupenda kauli ya kutendwa. Mtu wa Mkata akirudi gulioni hasemi fulani ameniibia. Husema nimepigwa, nimepunjwa, nimelaliwa, nimeingizwa mjini, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ile w ndogo ni wakili hodari: mlalamikaji yupo, hasara ipo, mtendaji ameshapanda gari. Mke akiuliza, "Umepigwa na nani?" atajibiwa, "Si unajua mambo ya soko." Spishi iliyopevuka kuliko zote ni kuingia mkenge. Hapo hata wakili hahitajiki, maana mtu kaingia mwenyewe, kwa miguu yake.

Familia kubwa na yenye afya ni ya hasara za ujazo, na ndani yake jenasi inayotawala ni lumbesa. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sokoni watu huhesabu madebe sita ya mahindi. Lumbesa ni gunia hilohilo lililokataa kufunga mdomo. Hujazwa mpaka juu, likashindiliwa, kisha shingoni likashonewa kipande cha gunia jingine au likasukiwa wavu wa kamba, na ndani ya kilemba hicho ukaingia mzigo wa bure. Bei ni ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wamelikataza, viongozi wamelikataza kwenye mikutano ya hadhara, nalo linaendelea kunenepa. Sababu haina uchawi wowote, ingawa Handeni watu hupenda kuanzia huko. Mpagazi hulipwa kwa gunia, nauli ya lori huhesabiwa kwa gunia, hata ushuru wa soko mara nyingi ni kwa gunia. Mnunuzi akipanua gunia amepunguza gharama zote kwa sindano moja. Wanaoujua uzito halisi ni wawili tu: shamba lililotoa mahindi na mgongo wa mpagazi.

Debe nalo lina nususpishi mbili ambazo mgeni hawezi kuzitofautisha, kwa kuwa zote huitwa debe bila haya. Debe la kununulia limegongwa kwa ndani mpaka likatoa tumbo. Likijazwa hupigwa goti, likatikiswa, mahindi yakashuka, yakaongezwa, kisha juu pakainuliwa kilima. Debe la kuuzia lina kitako kilichobonyea kuelekea ndani, na mahindi humiminwa taratibu kama vile yanaogopa kuumia. Hupatikana yote mawili katika ghala moja, yameegemezwa ukuta mmoja. Miezi ya mavuno linafanya kazi la kwanza. Miezi ya njaa, mkulima yuleyule akirudi kununua chakula, hukutana na la pili.

Hasara za muda tuzipite haraka, maana zenyewe haziendi haraka. Ipo kuzungushwa, ambayo chakula chake ni "njoo kesho", na ipo chenji ya dirishani pale Korogwe, ambapo basi huondoka kabla hesabu haijakamilika. Hii ya pili ina sifa adimu: hushambulia pande zote mbili, kutegemea nani alishika noti injini ilipowaka.

Hasara za karatasi ni za zamani na zina nasaba nzuri. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliingiza miche ya mkonge. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo Korogwe ikavikwa mashamba, na mashamba yakataka manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali wakajulikana kwa namba. Mshahara ulifuata kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Aliyekata mkonge pungufu ya kiwango, siku yake haikuingia kwenye kadi, hata kama jasho liliingia ardhini. Kwa msomi wa ngeli, hii ni hatua kubwa: hasara imehama kutoka mkononi mwa mtu ikakaa ndani ya kadi, na kadi haina uso wa kuuliza.

Kielelezo kizito kuliko vyote hakipo sokoni. Katika njaa kali ya miaka ya 1830 Wazigua wengi wa nyika hii walishuka pwani. Masimulizi ya vizazi vyao yanasema waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapanda majahazi, wakajikuta watumwa kusini mwa Somalia, bonde la mto Juba. Lugha waliitunza. Somalia iliposambaratika mwaka 1991, baadhi ya wajukuu walirudi, na wengine wakapata makazi Chogo, hapohapo Handeni. Wazee wao walihadaiwa. Zaidi ya miaka 150 imepita, na ile w bado iko kazini. Nahodha hana jina.

Serikali iliwahi kujaribu dawa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilileta nomino za watu: mnyonyaji, kupe, na mirija yao. Mwaka 1983 vita dhidi ya uhujumu uchumi ikaongeza mlanguzi na mhujumu, ikiwa na sheria yake. Hatimaye hasara ilikuwa na mwenyewe! Lakini nomino hizi hazikushika mizizi. Kwa mfugaji wa Handeni kupe alibaki kupe, mdudu wa ndigana, dawa yake josho. Na yule mwenye debe lenye tumbo hakuna anayemwita mlanguzi tena. Akishuka kwenye gari anaitwa tajiri, tena kwa heshima, na kiti anapewa.

Inabaki spishi moja iliyotushinda kuainisha, kwa sababu haina kitenzi kabisa: hali ya soko. Mkulima wa Kabuku ameambiwa habari zake na dalali. Dalali kaambiwa na tajiri, tajiri kapigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Dar es Salaam ukiwauliza wanasema bei imeshuka kwa sababu wakulima wa Kabuku wana mzigo mwingi.