Wikiendi ya Peugeot 504 baina ya Lilongwe na Dzaleka

Shirikisho la kimataifa la wapenzi wa magari ya kale, lijulikanalo kwa kifupi cha FIVA na lililoundwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria endapo lina umri usiopungua miaka 30, limetunzwa katika hali yake ya asili, na halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Fasili hii, ambayo huko Ulaya haimsumbui mtu, ikifikishwa Lilongwe huzua utata, kwa kuwa sharti la kwanza hutimizwa bila jasho na baadhi ya mabasi madogo yaendayo Area 25 kila alfajiri, sharti la pili halijatimizwa na gari lolote lililowahi kuguswa na fundi wa kando ya barabara, na la tatu hutimizwa kikamilifu pale tu petroli inapoadimika mjini, ambapo magari yote, mapya kwa makuukuu, huacha kuwa vyombo vya usafiri na kugeuka urithi wa utamaduni.

Mpenzi wa magari ya kale, yaani mtu ambaye hununua kwa hiari kile ambacho wenzake wanajitahidi kukiuza, hupatikana Lilongwe kwa uchache lakini kwa kelele. Aina yake inayostahili uchunguzi zaidi ni yule mwenye Peugeot 504, gari lililozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likatunukiwa heshima ya Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, na likashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi. Sifa hizo zilikuwa na sababu za kiufundi, kwani saluni yake ilikuwa na springi laini zenye mchezo mrefu na kila gurudumu lilipanda na kushuka peke yake, hivyo shimo ambalo lingelivunja gari jingine mgongo lilipitwa na 504 kwa kuinama kidogo tu, kama mzee apitaye mbele ya wakwe. Mwenye gari huzijua habari hizi zote kwa moyo, na abiria wake, baada ya safari moja, huzijua pia.

Kutokana na mapenzi hayo huzaliwa hamu ya kulipeleka gari, mwisho wa wiki, katika mji mdogo unaozungumza Kifaransa, ambako linadhaniwa litajisikia nyumbani. Hapo jiografia huingilia kati. Malawi imepakana na Tanzania, Zambia na Msumbiji, ambazo hazina hata mji mmoja wa kukidhi haja hiyo, na atakaye kwenda Lubumbashi, nchini Kongo, kwa barabara hana budi kuikata Zambia kwanza, jambo ambalo siku mbili haziliruhusu na gari lenyewe haliliruhusu zaidi. Kinachobaki ni Dzaleka, makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe, yaliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Makazi hayo yalikusudiwa watu wapatao 10,000, na sasa yana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kwa idadi hiyo huo si mji mdogo hata kidogo, ila hakuna aliyeuomba uwe mkubwa.

Safari huanza vizuri, na huo ndio udhaifu wake. Baada ya Kanengo, gari huanza kukohoa. Baada ya Lumbadzi huzimika, likapumzika, likawaka, kisha likazimika tena mbele ya kizuizi cha polisi. Chanzo chake kinaeleweka. Tangu mwaka 1982 Malawi imekuwa ikichanganya petroli na ethanoli, yaani kileo kinachotengenezwa kutokana na molasi, masalia mazito ya utengenezaji wa sukari, na kileo hicho hulainisha mipira ya kale, huvuta maji, na kulegeza uchafu uliolala ndani ya tangi kwa miongo kadhaa, uchafu ambao husafiri hadi kuziba vitundu vya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kwa hiyo hutokea kwamba askari anamchunguza dereva, ambaye hajaonja kitu tangu Alhamisi, ilhali aliyelewa ni gari. Mwendesha kabaza, yaani baiskeli ya kukodi, naye hulipita taratibu akiwa na abiria na gunia la mkaa, na kwa adabu haangalii.

Kufika Dzaleka, mgeni hutoa salamu ya Kifaransa aliyoifanyia mazoezi, naye hujibiwa kwa Kifaransa cha shule, kirefu na chenye vitenzi vilivyonyooka, ambacho hakielewi. Wenyeji, wakimhurumia, huhamia Kiswahili, lugha ambayo soko zima linaitumia. Fundi aliyejifunzia kazi upande wa pili wa Ziwa Tanganyika hafungui boneti mara moja, bali husikiliza kwanza, kisha hutamka: "Papa, mutuka yako haiko mugonjwa, iko na njala tu." Mwenye gari hapokei hukumu hiyo kirahisi, kwa kuwa amekwisha kuamua tangu Lumbadzi kwamba tatizo ni umeme, na ili kuthibitisha hilo hutoa kitabu cha matengenezo kilichoagizwa kutoka Ufaransa kwa bei asiyoweza kuitaja mbele ya mkewe. Kitabu hicho, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikitazamwa picha, husomwa sasa kwa mara ya kwanza, na fundi, na kwa sauti. Kinasema mafuta yaangaliwe kwanza.

Ugomvi wa kweli huzuka baadaye, wakati mpira wa asili wa kupitishia mafuta unapokatwa na mahali pake kuwekwa kipande cha mpira wa bomba la kunyunyizia dawa shambani. Kwa mwenye gari huo ni uharibifu wa historia, na kwa fundi, ambaye kwao 504 ilikuwa teksi, gari la maiti na gari la harusi katika juma moja, historia ni gari kufika. Fundi ana hoja nzito zaidi, ingawa hana nafasi ya kuipima barabarani, kwa kuwa sheria za Malawi humtaka mkimbizi aishi kambini na apate kibali kabla ya kutoka. Yule anayejua kulifikisha gari hilo popote haruhusiwi, bila kibali, kulisindikiza hata hadi Lumbadzi.

Ziara ikiangukia siku za Tumaini Festival, tamasha lililoanzishwa mwaka 2014 na Trésor Nzengu Mpauni, mwanasanaa wa Kongo ajulikanaye kama Menes La Plume, mgeni huweza kulala katika nyumba ya familia ya kambini, akala ugali kwa sombe, yaani majani ya mihogo yaliyotwangwa, na kuamshwa usiku na watoto waliojaa ndani ya gari lake wakishindana kupiga honi. Jumapili jioni watazamaji wa tamasha wanaorudi mjini hujipakia bila kuulizwa, wakiwa na viazi na jogoo mmoja, na 504, likisaidiwa na mpira wa shambani, huenda vizuri hadi mzunguko wa kwanza wa Lilongwe, ambako huzimika kwa sababu mpya kabisa. Abiria hushuka na kusukuma, kisha huhesabu nauli upya, wakikata gharama ya kusukuma, na hesabu ikikamilika huonekana kwamba mwenye gari ndiye anayedaiwa.