Namna ya Kuwakimbiza Wafanyakazi Bila Kumwandikia Mtu Barua

Kumfukuza mtu kazi Tanzania kuna usumbufu wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakudai sababu halali na utaratibu wa haki, na ukikosea, uliyemfukuza ana siku 30 za kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko utaulizwa barua ya tuhuma iko wapi, kikao cha nidhamu kilikaa lini, nani aliandika muhtasari. Ipo njia nyepesi zaidi: wafanye waondoke wenyewe. Na watatangulia wale hodari, kwa sababu hodari ndiye mwenye pa kwenda. Nimeishuhudia njia hii ikifanya kazi katika ofisi nyingi, na kila mara inaniuma. Ndiyo maana naieleza yote, ili bosi anayeitumia ajijue na anayetendewa ajue anatendewa nini.

Siri yake ni moja tu. Kila kilicho haki ya mfanyakazi, kigeuze kiwe hisani yako.

Anza na likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 kila mwaka, zenye malipo. Siku hizo ni zake, ila fomu lazima ipite mezani kwako, na hapo ndipo pa kumshikia. Mhasibu wako akiileta Jumatatu, mwambie, "Iache hapo, nitaiangalia." Ilaze chini ya mafaili. Jumatano akichungulia mlangoni, weka simu sikioni umwoneshe kiganja. Ijumaa akija kukukumbusha kwamba mama yake anamsubiri Ifakara na tiketi ya basi amekwisha kata, vua miwani, shusha pumzi, muulize, "Sasa dada, ukiondoka wewe mimi nabaki na nani?" Mwache asimame kidogo. Kisha saini, polepole, ukisema, "Nakusaidia tu, lakini wakati ni mbaya." Atajibu, "Asante, bosi." Kazi imekwisha. Umemfanya mtu mzima akushukuru kwa kumpa kilicho chake, naye amelitambua hilo kabla hajafika kwenye ngazi. Basi likipita Morogoro atakuwa anasoma matangazo ya kazi kwenye simu.

Ukimaliza likizo, ingia kwenye saa zake. Mwisho wa kisheria ni saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Wewe waite familia. Ukishawaita familia, kudai malipo ya saa za ziada kunakuwa utovu wa adabu. Fungua kundi la WhatsApp, na Jumapili saa tano usiku andika, "Wapendwa, naomba ile ripoti kesho saa mbili asubuhi." Atakayejibu wa kwanza msifie mbele ya wote. Aliyekuwa amelala muulize asubuhi, "Jana ulitupotea, kulikoni?" Wakati huohuo mlinzi afunge geti saa mbili na dakika tano kamili, kwa ajili ya yule anayetoka Mbagala na kupanda magari mawili. Jioni akitoka saa moja na nusu, daftari la mahudhurio liwe limekwisha fungiwa kabatini.

Sasa jina. Hapa ndipo watu wanapoumia kuliko penginepo, nami sioni jambo dogo ndani yake. Kijana amekaa na takwimu za mauzo hadi macho yamemwiva, amegundua tawi linalovuja fedha, ameandika kurasa kumi na mbili. Futa jina lake kwenye jalada. Mbele ya bodi sema "nimebaini". Bodi ikipiga makofi, pokea. Mwezi unaofuata takwimu zikipatikana na kosa, sema mbele ya bodi ileile, "Vijana wangu wameniangusha." Kijana akiwapo chumbani, huku amekaa nyuma kabisa kwa ajili ya kubadilisha picha za projekta ukutani, hutahitaji kuongeza kitu. Mshahara unaweza kuongezwa mwakani, lakini aliyeibiwa jina lake hadharani hana mahali pa kwenda kulidai.

Bado kuna kusikilizwa. Teua mmoja wao akuletee maneno, umnunulie chakula cha mchana, na wengine wamwone. Ukimwita mtu kumuuliza, anza na "Nimesikia", na usimwambie umesikia kwa nani. Mgombeze kwenye korido mbele ya wageni. Wakenya waliliona tatizo hili la kumhukumu mtu bila kumsikiliza wakaliwekea kifungu: Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake kazini au mwakilishi wa chama akiwapo, na amsikilize. Lugha anayoielewa! Aliyeandika maneno hayo alikuwa anajua jinsi mtu anavyoweza kumalizwa kwa barua asiyoweza kuisoma.

Anayedhani dharau ni jambo dogo likilinganishwa na mshahara aitazame Dar es Salaam ya miaka ya 1970. TANU, chama kilichokuwa kikitawala, ilitoa Mwongozo wake mwaka 1971, na ibara ya 15 iliwakataza viongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Wafanyakazi viwandani waliishika ibara hiyo kuliko nyingine zote. Migomo ikaanza, na msomi Issa Shivji, aliyeichambua kwa kina, anaonesha kwamba mingi haikuwa ya kudai nyongeza ya mshahara; ilikuwa ya kukataa matusi na ubabe wa mameneja. Mameneja walifungiwa nje. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda chenyewe. Siku hizi hakuna anayemfungia meneja geti. Mfanyakazi anaandika barua ya kuacha kazi, anashukuru kwa ushirikiano, anarudisha kitambulisho na kompyuta, na wewe unatangaza nafasi ileile kwa mara ya tatu.

Kinyume cha hayo yote, bosi mwema ninayemfahamu kwa karibu ni mama mmoja anayesimamia jiko la hoteli. Sitamwita mpole. Sufuria ya pilau iliyoungua chini ameirudisha jikoni wageni wakiwa wamekaa, ikapikwa upya, na akachemka kwelikweli. Lakini Januari hubandika kalenda ukutani kando ya friji, na kila mmoja anaandika likizo yake kwa mkono wake. Wawili wakigongana wanapatana wenyewe. Mgeni akilalamika, anatoka yeye. Mgeni akisifia samaki wa kupaka, anamwita aliyempika: "Mwanangu, vua aproni uje." Nimemwona kijana wa miaka ishirini na ushee akisimama mbele ya meza ya watu kumi na mikono yake nyuma, hajui aiweke wapi, na yule mama amesimama pembeni kama mpita njia.

Mpishi wake mmoja alifiwa na baba. Sheria inatoa siku nne zenye malipo kwa msiba wa namna hiyo. Wako mabosi wanaodai kwanza cheti cha kifo, mtu akiwa bado hajapata hata sanda. Yeye alipopokea simu alisema, "Nenda mwanangu, zamu yako nimeishika." Akaishika kweli, akikaanga viazi tangu saa kumi na moja alfajiri, na siku ya maziko alikodi gari aina ya Noah akapeleka wenzake wanne. Tangu wakati huo amefungua jiko la pili, na hajabandika tangazo la kazi mahali popote. Watu wanakuja wenyewe, wameambiwa na waliokwisha kupita hapo.