Mheshimiwa Mkuu wa Foleni, Naomba Dakika Ishirini

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Foleni,
Popote ofisi yako ilipo,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUENDESHA GARI DAKIKA ISHIRINI BILA KUSIMAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Nimeitafuta ofisi yako miezi miwili. Watu wa barabara waliniambia wao hujenga tu. Watu wa taa waliniambia taa ni nzima, anayezipuuza ni askari. Askari naye akaniambia anatekeleza maelekezo. Lakini foleni ninayoijua mimi huwahi kazini saa kumi na mbili asubuhi bila kukosa siku, na hairudi nyumbani mpaka saa tatu usiku. Kitu chenye nidhamu ya namna hiyo hakiwezi kukosa mkuu wake.

Shida yangu ni ndogo, Mheshimiwa. Ina sentimita za ujazo 1,498.

Ni injini ya dizeli ya Mazda Demio, ile iliyotoka mwaka 2014 na gari lenyewe likapewa taji la Gari la Mwaka kule Japani. Silinda nne, turbo, nguvu farasi 105. Farasi hao kwa Dar ni wa kutundika ukutani kama cheti. Msuli wake ndio habari: kwa la otomatiki ni nyutonimita 250, na zinapatikana kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani kabla hata hujakanyaga kwa hasira. Huo ni msuli wa injini ya petroli ya lita mbili na nusu, umewekwa ndani ya kigari ambacho jirani yangu hukiita kiatu.

Tena waliounda injini hii walikuwa watu waungwana. Dizeli nyingi hugandamiza hewa mara 16 na kuendelea. Wao wakashusha hadi 14.8, ili mafuta yapate nafasi ya kuchanganyika na hewa kabla ya kulipuka, moshi upungue. Kwa vipimo vya kwao inakwenda kilomita 26.4 kwa lita moja. Kijana aliyeniuzia hakuhangaika na desimali. Aliegemea boneti akasema, "Bosi, hili linanusa tu mafuta."

Nikalipa. Kila asubuhi nikiwasha, mama mmoja wa Kijapani kwenye dashibodi ananikumbusha kwa adabu jambo fulani. Nilidhani ni dua ya safari. Kumbe anadai kadi ya kulipia barabara za haraka za kwao.

Kilichokuja kunifikisha kwako ni taa ya rangi ya machungwa, mchoro wa kisanduku chenye vidoa. Kitabu cha gari kilikuja kwa Kijapani, nikakipiga picha, simu ikanitafsiria. Ndipo nikaelewa kwamba kwenye njia ya moshi kuna chujio la kauri, ndani limetobolewa kama sega la nyuki, na kazi yake ni kukamata masizi yasitoke nje. Likikaribia kujaa, kompyuta ya injini inajiamulia yenyewe kuyachoma. Inamwaga mafuta ya ziada ndani ya silinda wakati mlipuko umekwisha pita, yaende kuwaka huko mbele kwenye bomba, mpaka chujio lifike nyuzi joto kama 600. Masizi yanageuka gesi, chujio linapumua, safari inaendelea.

Sharti ni moja, Mheshimiwa, na naomba hapa usome taratibu. Taa ikiwaka, kitabu kinataka injini iwe imepata moto vizuri, kisha gari liendeshwe kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa au zaidi, kwa dakika 15 hadi 20.

Kilomita ishirini! Nilipoona namba hiyo nilidhani simu imekosea kutafsiri. Nilitegemea mia. Nilikuwa tayari kukuomba themanini na kupatana nawe kwenye sitini, kama tunavyofanya Kariakoo. Kumbe Wajapani, kwa ukarimu wao, walifikiria hata mzee anayekwenda sokoni polepole. Nina hakika walimfikiria kila mtu duniani isipokuwa mtu anayetoka Mbezi kwenda Posta siku ya Jumatatu.

Nilijaribu. Kuchoma kulianza mbele kidogo ya Kimara. Najua kwa sababu injini ilibadilisha sauti na kipimo cha mafuta kikaanza kushuka kwa haraka. Tulikwenda dakika nne. Kisha askari akanyoosha mkono, tukasimama kumi na moja. Nilizihesabu. Muuza karanga alinipita, akarudi, akanipita tena. Chujio likapoa, masizi yakabaki nusu yamechomeka nusu mabichi, na kompyuta ikaahirisha shughuli hadi itakapotangazwa tena. Kwa wiki ile iliahirisha mara tano. Hata vikao vya mtaa wetu haviahirishwi hivyo.

Kila kuchoma kunapoanza upya, sehemu ya mafuta yale ya ziada huteleza ukutani mwa silinda na kushuka hadi kwenye oili. Nikaenda gereji Tabata. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa tambara, akakirudisha, akakichomoa tena na kukishikilia juani. Kwenye kijiti cha injini hii, juu ya alama ya kujaa, kuna alama ya X. Oili ilikuwa imeipita.

"Nani ameongeza oili?"

"Hakuna aliyeongeza."

Akasugua tone kati ya vidole, akapeleka puani. Harufu ya dizeli. Niliambiwa gari litakuwa linanusa mafuta, sasa anayenusa ni fundi. Kila gari la uzee huu ninalolijua hula oili, langu linaizalisha. Ingekuwa neema, isipokuwa oili iliyoingia dizeli inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, na turbo na beringi hutegemea uzito wake kuishi. Kule kwao hubadilisha kila kilomita 10,000, au 5,000 kwa matumizi magumu. Mimi nimeshuka hadi 3,000. Na si oili ya kwenye pipa: ni ile nyepesi yenye majivu kidogo, kwa sababu majivu ya oili hayachomeki, yakishakaa kwenye chujio yamekaa.

Mapafu ya injini nayo yalifunguliwa siku hiyohiyo. Injini hii, kama dizeli nyingi za kisasa, hujirudishia sehemu ya moshi wake ili kupunguza oksidi za naitrojeni. Moshi ukikutana na mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, unageuka kuwa kitu kama lami, hasa injini inapounguruma muda mrefu bila kazi. Sitasema inaunguruma wapi. Tundu lililotakiwa kupitisha kidole gumba lilikuwa linapitisha kalamu. Nilimweleza fundi kwamba wenzetu husafisha kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Akauliza kama ya korosho yatafaa. Tukakubaliana hayafai, yana mafuta yanayobabua ngozi. Akaendelea na bisibisi na petroli hadi magharibi.

Kabla sijaondoka alinipa dawa ya mtaani. Laki tatu: analitoboa chujio katikati, kijana mwingine anakuja na kompyuta yake kuidanganya ya gari isiulize, taa haiwaki tena. "Unasahau kabisa, mzee."

Nikamuuliza masizi yatakwenda wapi.

Akanyoosha kidole nje, kwenye barabara, mahali bodaboda walipokuwa wamekaa kivulini. "Kwa watu."

Sijatoboa. Nakiri hata hivyo kwamba siku mbili nilikuwa nikizihesabu hizo laki tatu. Na waliokubali siwalaumu sana, kwani walishajaribu kila njia halali, na njia halali ilikuwa imefungwa kupisha msafara wa wakubwa.

Ninachofanya kwa sasa ni hiki. Taa ikiwaka, nasubiri saa nne usiku, ulale wewe na foleni yako, natoka kwenda Kibaha na kurudi. Mama watoto hakuamini. Kwa mtazamo wake hakuna mwanamume mwenye akili timamu anayeaga usiku akisema anakwenda kuchoma masizi. Usiku wa tatu alipanda kiti cha mbele bila kualikwa. Alikaa kimya hadi Maili Moja, akala mishkaki, akaangalia taa ikizimika yenyewe tukirudi, akasema, "Kumbe kweli." Sasa ndiye anayenikumbusha. Lakini dizeli ya kwenda Kibaha kusafisha gari linalosifiwa kwa kubana mafuta nailipa mimi.

Kuhusu mafuta yenyewe sikulaumu. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Japani ni 10. Hiyo ni barua ya ofisi nyingine.

Wewe nakuomba dakika ishirini. Nimekuletea na mapendekezo, usije ukasema wananchi wanalalamika tu. Ukiniazima njia ya mabasi ya mwendokasi mara moja kwa wiki, nitaendesha kwa 20 kamili, sitampita hata abiria aliyekata tamaa akaamua kutembea. Ikishindikana, niruhusu nijiunge mkiani mwa msafara. Hapo chujio litasafishika hadi la gari la jirani. Nimefikiria pia Daraja la Tanzanite, ila lina mita 1,030 tu. Kwa mwendo wa 20 nalimaliza kwa dakika tatu, itanibidi nilivuke mara saba mfululizo, na hapo nitahitaji barua yako ya kunitambulisha kwa watakaonisimamisha kuniuliza nina nini.

Nilikuwa nimepanga kukuletea barua hii kwa mkono. Taa imewaka tangu saa kumi na mbili na robo. Sasa ni saa mbili kasoro, niko Ubungo, na imeanza kupepesa, jambo ambalo kitabu kinasema maana yake niende kwa fundi moja kwa moja.

Wako katika foleni,
Mwenye Demio nyeusi, mstari wa kushoto.

Nakala: Fundi, Tabata. Nakuja, ila usinisubiri kabla ya saa nne.